Mianya ya Sakafu ya Jukwaa Letu

Mhariri wa gazeti hili ameniomba nieleze kwa maandishi jambo ambalo wazazi huniuliza kila wafikapo shuleni: kwa nini sakafu ya mbao ya jukwaa letu haikung'olewa na kupigwa saruji, kama wengine walivyotaka katika mkutano wa wazazi wa mwaka jana, na kwa nini kazi ya kuziba mianya yake ilichukua karibu mwaka mzima. Nimekubali kwa furaha. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si seremala, lakini jibu la maswali hayo limo katika fizikia kama lilivyo katika useremala.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ufa ni mpasuko wa ubao wenyewe. Mwanya ni nafasi iliyo kati ya ubao mmoja na mwenziwe. Jukwaa letu lilikuwa na nyufa chache sana, ila mianya ilikuwa tele, na mingine ilipitisha kidole.

Wako wanaodhani kwamba mwanya wa sakafu ni habari ya urembo tu. Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kwaya, mguu wa kiti ulizama katika mwanya, na msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza akaanguka toka jukwaani akaumia mkono. Tena mwanya ni ghala. Makombo ya chakula, vumbi na nywele huingia humo, na ufagio hauwezi kuvifikia. Panya wakaja, na viroboto wakaja pamoja na panya. Katika nyumba za udongo mambo huweza kuwa mabaya zaidi, kwa kuwa papasi, mdudu aenezaye homa ya papasi, hujificha mchana katika nyufa za sakafu na za kuta na kutoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Daktari Joseph Dutton, Mwingereza mmojawapo wa wale waliothibitisha huko Kongo mwaka 1905 kwamba papasi ndiye aletaye homa hiyo, alifariki huko huko Kongo mwaka huo huo. Katika jukwaa letu hatukumwona papasi hata mmoja. Nimemtaja ili msomaji ajue kwamba ufa si kitu cha kudharauliwa, iwe sakafu ni ya mbao au ya udongo.

Basi katika mkutano ule palikuwa na shauri la kuvunja sakafu yote na kumwaga zege. Gharama yake ingalikula michango yote ya hiari ambayo wazazi walikuwa wamekwisha kuitoa kwa ajili ya tangi la maji ya mvua la bweni la wasichana, na kila ajuaye milima ya Ngara anajua maana ya kupanda na ndoo kichwani toka bondeni. Nikaomba tupewe muda wa kupima kabla ya kuvunja. Wazazi wakanikubalia, ingawa mmoja alisema kwa sauti, "Mwalimu, sakafu itapimwa mpaka lini?" Sasa naweza kumjibu.

Mti ni fungu la mirija. Fikiri ile mirija ambayo wazee hunywea pombe ya mtungini, lakini iwe myembamba kuliko unywele, maelfu kwa maelfu, imefungwa pamoja na kusimama wima toka mizizini hadi matawini. Mti ukikatwa, maji yake yamo mahali pawili. Mengine yamo ndani ya tundu la mrija. Mengine yameloa katika ukuta wa mrija wenyewe. Yale ya ndani ya tundu hutoka kwanza, na yakitoka ubao hupungua uzito tu, upana wake haubadiliki. Lakini maji yanapobaki kama sehemu 30 kwa 100 za uzito wa mbao kavu, matundu huwa yamekwisha kuwa matupu, na kuta zenyewe huanza kukauka. Ukuta ukikauka husinyaa, na maelfu ya mirija yakisinyaa pamoja ubao hupungua upana. Kwa urefu haupungui ila kidogo sana. Ndiyo maana mianya hutokea ubavuni mwa mbao, na katika ncha zake ni nadra kuona kitu.

Watu wengi hudhani kwamba ubao ukisha kukauka mambo yamekwisha. La hasha! Ubao hunywa maji toka hewani na kuyarudisha hewani maisha yake yote, hata ukiwa na umri wa miaka mia. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu wa sehemu 50 kwa 100, ubao uliokaa humo siku nyingi hushika maji kama 9 kwa 100 za uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi 80, maji ya ubao hupanda hadi karibu 16. Sasa tufanye hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Ubao wa paini uliopasuliwa kwa namna ya kawaida hupanuka takriban robo ya sehemu moja kwa mia kwa kila sehemu moja ya maji inayoongezeka. Ubao una upana wa milimita 150. Toka 9 hadi 16 ni sehemu 7. Zidisha 150 kwa 0.0025, kisha kwa 7: utapata milimita 2.6. Hiyo ni kwa ubao mmoja. Jukwaa lenye mbao 20 zilizopangwa bega kwa bega litataka kujitanua zaidi ya sentimita 5 kati ya kiangazi kikali na kilele cha mvua.

Si mbao zote zilizo sawa. Mninga, ambao wenyeji wa misitu ya Biharamulo wanaujua vizuri, husogea kidogo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi kuupenda kwa milango na makabati. Mkaratusi husogea mno. Na hata katika gogo moja, ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha mti husogea karibu nusu tu ya ule uliopasuliwa kwa kuukwepa.

Jambo hili mnalo nyumbani pia. Mlango ukikwama mwezi wa Aprili, mwenye nyumba huita fundi aupige randa mpaka ufunge vizuri. Mwezi wa Julai ukifika, anaona mwanga wa jua unapita pembeni, naye anamlaumu fundi. Mlango wa namna hiyo upigwe randa kidogo tu, kisha ubavu wake upakwe rangi au mafuta, maana ubavu uliokatwa na kuachwa wazi hunywa unyevu upesi kuliko uso uliopakwa.

Sasa turudi jukwaani, tutazame saruji. Miaka michache iliyopita fundi mmoja aliitwa kuziba mianya hii, akafanya kazi wakati wa kiangazi, mianya ikiwa mipana, na akaijaza saruji nyembamba. Siku ile ilipendeza. Mvua zilipokuja, mbao zikataka kujitanua zikakuta njia imezibwa na jiwe. Ubao hauwezi kulivunja jiwe namna hiyo, kwa hiyo ulifanya mambo mawili. Mahali pengine uliinuka katikati ukang'oa misumari yake. Mahali pengi zaidi ulijiminya: mirija ya ubavuni ikabonyea, kama godoro kuukuu ambalo limekaliwa miaka mingi wala haliinuki tena. Kiangazi kikarudi, ubao ukasinyaa kama desturi, lakini sasa ulianzia katika upana uliokwisha kupunguzwa. Kwa hiyo mwanya ukawa mpana kuliko ule wa kwanza, na saruji, isiyoshikwa tena upande wowote, ikapasuka ikaangukia chini ya sakafu. Kila mwaka uliofuata ulirudia mchezo huo. Mianya iliyopitisha kidole ilikuwa ile ile iliyozibwa kwa nguvu. Pale ambapo saruji haikufika, mianya ilibaki ya kawaida.

Ndiyo sababu nilitaka kupima. Nilitaka kujua ni mianya ipi iliyo hai, yaani hufunguka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua, na ni ipi iliyokufa, yaani hubaki wazi hata mvua zikiwa zimejaa. Mwanya ulio hai ukiuziba kwa kitu kigumu unaanza ugomvi na ubao, na uliokufa ukiuacha hautapona wenyewe.

Chombo tulichopimia kilitengenezwa na wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwa kipande cha mninga. Ni kabari yenye urefu wa milimita 100. Ncha yake moja ni kali kama ya kisu, na nyingine ina unene wa milimita 10 kamili. Ukiichomeka katika mwanya mpaka ikakwama, ukaweka alama mahali ilipoishia, kila milimita 10 za urefu zilizozama ni milimita 1 ya mwanya. Kwa hiyo kabari hukuza kipimo mara kumi, na mtu asiye na chombo cha duka aweza kupima hata sehemu ya kumi ya milimita kwa rula ya darasani. Tulichagua mahali 20, tukapapigia alama kwa kalamu ya risasi, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, toka Agosti hadi Mei, wanafunzi wawili walipima na kuandika katika daftari. Wakati wa likizo nilipima mwenyewe.

Daftari lilisema mengi. Mwanya mmoja uliokuwa milimita 3 mwezi wa Agosti haukupitisha hata karatasi mwezi wa Aprili. Mwingine ulikuwa milimita 8, ukawa 6, basi. Sehemu ya mbele ya jukwaa, iliyo ya mninga wa zamani, haikusogea hata nusu ya ile ya nyuma ambayo ni ya paini. Na tuliona ajabu moja: mbao nne za kando ya ukuta hazikuwa na mwanya kati yao, ila mbele yao palikuwa na mwanya mmoja mkubwa mno. Tulipokwangua tukaona kwamba rangi ya miaka mingi ilikuwa imezigandisha zikawa kama ubao mmoja mpana, na usinyaaji wa mbao zote nne ulijikusanya mahali pamoja. Tulipopitisha kisu kati yao na kuzitenganisha, mwanya ule mkubwa ulianza kugawanyika. (Atakayekwangua rangi ya zamani alowanishe kwanza kwa maji na afunge kitambaa puani, kwa maana rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.)

Kabla ya kuziba chochote tuliingia chini ya jukwaa na taa. Hapo ndipo mahali pa kuanzia sikuzote, lakini mafundi wengi hupaacha kwa sababu pana buibui. Tulidunga kila boriti kwa bisibisi: ikiingia kama katika muhogo uliochemshwa, boriti imeoza au imeliwa na mchwa, na hapana faida ya kuremba mbao za juu. Boriti moja tu ilikuwa mbovu, tukaiunga na nyingine ubavuni. Tulikuta pia kwamba matundu mawili ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa matofali ili panya wasiingie. Matokeo yake, hewa ya chini ilikuwa nzito na yenye unyevu, na upande wa chini wa mbao ulikuwa ukinywa maji zaidi ya upande wa juu, mpaka nyingine zimejikunja kama kigae. Tuliondoa matofali tukaweka wavu wa chuma.

Kazi ya kuziba tuliifanya mwishoni mwa mwezi wa Mei, masika ikimalizika, mbao zikiwa zimejaa na mianya ikiwa myembamba kuliko wakati wowote. Wengi walituambia tungoje kiangazi ili mianya iwe wazi na kazi iwe rahisi. Ni kweli ingalikuwa rahisi, lakini kitu kilichoingizwa kikabana wakati wa kiangazi kitakuwa saruji ya pili mvua zikija.

Mianya iliyokufa na iliyozidi milimita 4 tuliiziba kwa vibanzi, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao. Tulivichana kutoka ubao mmoja wa zamani uliokuwa nyuma ya pazia, mahali pasipoonekana, tukaweka ubao mpya pale. Mbao ya zamani hufanana na wenziwe kwa rangi, tena imekwisha kuzoea hewa ya chumba hiki. Ubao mbichi kutoka sokoni ungesinyaa ndani ya mwanya na kulegea. Kibanzi hupigwa randa kiwe chembamba kidogo upande wa chini kuliko wa juu, ili kiingie kama kabari. Kisha kipakwe gundi ya mbao UPANDE MMOJA TU. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili ndilo lililobishaniwa zaidi. Ukipaka gundi pande zote mbili umezifunga mbao mbili kuwa moja, kama ile rangi ilivyofanya, na ubao usipopata njia ya kusogea utapasuka mahali pengine. Kibanzi kilichoshikwa na ubao mmoja husafiri pamoja nao, na mwenziwe huwa huru. Kigongwe polepole juu ya kipande cha mti, si kwa nyundo tupu. Kiachwe kimejitokeza kidogo, na gundi ikikauka siku ya pili, kipigwe randa mpaka kiwe sawa na sakafu. Msumari usitumike.

Mianya iliyo hai lakini mipana kiasi cha kukusanya uchafu ilitusumbua, maana kibanzi hakifai hapo na kuiacha wazi hatukutaka. Dawa yake tuliipata kwa mzazi mmoja ambaye ujanani alifanya kazi ya kuunda mitumbwi ya mbao kule Nyamirembe, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Chato, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita lakini zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Aliitazama sakafu, akacheka, akasema, "Mwalimu, huu ni mtumbwi uliopandishwa mlimani. Utie kalafati." Watu wa pwani wanalijua neno hilo: ni pamba inayoshindiliwa kwa patasi butu katika maungio ya mbao za chombo. Pamba hubonyea mbao zikijaa na hufuata mbao zikisinyaa. Juu ya sakafu kavu pamba tupu huvutwa na ufagio, kwa hiyo tulitumia kamba ya katani, nene kidogo kuliko mwanya. Tuliichemsha katika chai ya rangi iliyokolea ili ifanane na mbao za zamani, tukaianika mpaka ikakauka kabisa, kisha tukaishindilia kwa bisibisi pana mpaka ikawa chini ya uso wa sakafu kwa milimita 2. Mzee yule alikaa nasi siku mbili, wala hakutaka malipo ila chakula cha mchana pamoja na wanafunzi.

Unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ambao mafundi wengi huutumia kila mahali, tuliutumia kwa matundu ya misumari na ya vifundo tu. Katika mwanya unaosogea hupasuka na kutoka vipande vipande kabla ya mwaka kuisha. Na mianya isiyozidi milimita 2 iliyojifunga wakati wa mvua hatukuigusa, ila tuliisafisha kwa waya na kupiga brashi.

Mwisho sakafu ilipakwa mafuta ya kitani. Matambara yaliyofutia mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni, kwa sababu yanapokauka huzaa joto, na yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Tuliyatandaza nje juani mpaka yakakakamaa.

Gharama yote ilikuwa gundi, kamba, mafuta na ubao mmoja, na fedha za tangi hazikuguswa. Tangi limekwisha kujengwa nyuma ya bweni, linangoja vuli.

Kwa wanafunzi wa zamu ya usafi nina ombi. Jukwaa lisidekiwe kwa ndoo za maji kama tunavyodeki madarasa ya saruji. Maji yakimwagwa hupita katika mianya na kuloesha mbao upande wa chini, ambako hakuna anayeyafuta, na kazi ya mwaka huharibika kwa juma moja. Lifagiliwe, kisha lifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana.

Tulipima tena mwezi wa Agosti. Kando ya kila kibanzi pameonekana mstari mwembamba, unene wa jalada la daftari, upande ule usio na gundi. Ndivyo ilivyotakiwa, na mtu yeyote asije akauziba. Daftari na kabari vimo kabatini mwa maabara. Kwa kuwa Kidato cha Nne wanatuacha mwezi wa Novemba, vipimo vya kila mwezi vitaendelezwa na Kidato cha Pili, nao wautazame zaidi ubao wa nane kutoka mlangoni, uliokuwa umeinuliwa na saruji ile: tulishusha ncha yake kwa skrubu mbili, na hatujaona bado utafanya nini mvua zikianza.